UZI: Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembea akipasuliwa miguu, matokeo yanapimwaje? Na nani anampokea akirudi Kusini?

fizio_kusini

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nawaandikia wazazi wa Mtwara na Lindi ambao mtoto wao ana mtindio wa ubongo lakini anatembea. Namaanisha yule anayetembelea vidole, au magoti hayanyooki, au mapaja yanabanana na kukatana akipiga hatua, awe na magongo au bila. Wengi mmeambiwa neno "upasuaji" na hamjui mnunue tiketi au mkimbie.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yangu iko huku huku mkoani. Sipasui. Mimi ndiye ninayempokea mtoto akirudi kutoka Dar au Moshi na hogo (plasta ngumu) miguu yote miwili, na ndiye ninayebaki naye wakati waliompasua wako mbali. Kwa hiyo matokeo ninayoyajua ni yale ya mwaka wa kwanza, wa pili na wa tano.

Tuanze na lile linalowaumiza wazazi zaidi. Upasuaji wa miguu hauponyi mtindio. Tatizo lilianzia kwenye ubongo uliojeruhiwa ukiwa bado unakua: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alizaliwa njiti, au manjano ilipanda sana bila kutibiwa, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali akiwa mchanga. Jeraha hilo haliendelei kukua. Kinachobadilika ni mguu. Misuli iliyokaza hairefuki kwa kasi ya mfupa, na mfupa unaovutwa vibaya kila siku unakua umejipinda. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anakimbizana na wenzake akiwa na miaka 6 anaweza kuanza kuchoka njiani akifika 12, uzito ukiongezeka na magoti yakizidi kukunjika. Wazazi wanadhani ugonjwa umerudi. Haujarudi, mwili ndio umekua.

Na msidhani mko peke yenu. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa 2017 ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wana hali hii.

Kuna kipimo kinaitwa GMFCS, kilitoka Canada 1997, kinawapanga watoto hawa kwenye ngazi 5. Wa ngazi ya 1 anatembea na kupanda ngazi bila kushika kitu. Wa 2 anatembea, ila safari ndefu na ardhi mbovu vinamshinda. Wa 3 anatembea kwa magongo au fremu. Wa 4 na 5 wanahitaji zaidi kigari. Uzi huu ni wa hawa watatu wa kwanza. Mwulizeni daktari mtoto wenu yuko ngazi ipi, kwa sababu upasuaji kwa kawaida haumhamishi ngazi. Wa ngazi ya 3 akipasuliwa vizuri, tegemeeni abaki wa ngazi ya 3 mwenye miguu iliyonyooka zaidi, nyayo zinazokanyaga vizuri, na uwezekano wa kufika mbali zaidi bila kuanguka. Anayewaahidi kwamba magongo yatatupwa, mwulizeni ameliona wapi kwa mtoto wa ngazi hiyo.

Zamani mtoto alikuwa anapasuliwa kisigino mwaka huu, nyuma ya goti mwaka ujao, kinena mwaka unaofuata. Daktari mmoja mashuhuri wa Toronto, Mercer Rang, alisema watoto hawa wanasherehekea kila siku ya kuzaliwa wodini. Siku hizi, panapokuwa na utaalamu, mguu mzima unapimwa kwanza, nyonga, goti, kifundo na mizunguko ya mifupa, halafu vyote vinarekebishwa katika upasuaji mmoja, au miwili iliyokaribiana. Misuli ya kurefushwa inarefushwa, kano ya kuhamishwa inahamishwa, mfupa wa paja uliogeukia ndani unakatwa, unageuzwa na kufungwa chuma. Mfupa uliojipinda ni kama mpini wa jembe uliopinda, hata mwenye nguvu anachoka bure. Ndiyo maana kurefusha misuli tu huku mfupa umeachwa vilevile mara nyingi hakusaidii.

Matokeo? Huko Melbourne, Australia, walifanya jaribio lililochapishwa 2011. Watoto 19 waligawanywa kwa bahati nasibu, 11 wakapasuliwa sehemu nyingi kwa pamoja na 8 wakapewa mazoezi ya nguvu. Ni wachache, lakini majaribio ya namna hiyo katika jambo hili ni adimu sana. Baada ya mwaka mmoja mwendo wa waliopasuliwa ulikuwa umenyooka waziwazi, wa wenzao haukubadilika hivyo. Lakini uwezo wa jumla wa kufanya mambo, kusimama, kupanda, kuruka, ulikuwa bado haujawatofautisha. Faida upande huo ilikuja kuonekana kwenye mwaka wa pili, na ilikuwa ndogo. Walipowafuatilia miaka 5, mwendo ulikuwa bado umeshika.

Isomeni tena hiyo mkiwa mmetulia. Mguu unanyooka mapema, maisha yanabadilika polepole, na hayabadiliki sana. Mzazi anayejua hivyo anaamua kwa haki. Mzazi anayengoja muujiza siku ya kukata hogo atakata tamaa na kuacha mazoezi wakati ule ule yanapohitajika kuliko wakati wowote.

Sasa, sisi wa Kusini tupimeje? Kuna kipimo kingine kinachouliza mtoto anatembeaje mita 5, mita 50 na mita 500, yaani ndani ya nyumba, shuleni, na mitaani. Mimi nakipenda sana kwa sababu hakihitaji maabara. Nawaongezea ya kwetu. Anachuchumaa kwenye choo cha shimo? Anakaa kwenye mkeka madrasa saa nzima? Anasujudu na kuinuka? Anatembea kwenye mchanga wa Mikindani au kwenye sakafu ya sementi tu? Anabeba daftari au mikono yote imeshika magongo? Yaandikeni haya kabla ya upasuaji. Daktari aliyezoea vyoo vya kukaa na sakafu ya vigae anaweza kuyasahau, na baadhi ya upasuaji unaonyoosha goti vizuri unapunguza uwezo wa kulikunja mpaka chini. Kile kifaa cha plastiki cha kushika kifundo ndicho hasa kinachozuia kuchuchumaa, kwa sababu kifundo kimefungwa. Mtoto asipoandaliwa atakivua chooni na hatakivaa tena.

Ulizeni maswali, nitajibu ninayoyajua.

mama_P wa Tandahimba

Asante sana kaka. Mwanangu ana miaka 5, miguu yote miwili, anatembelea vidole lakini anatembea mwenyewe. Tulikwenda mahali wakasema kisigino kikatwe tu, ni dakika chache, arudi kesho yake. Baba yake anataka tufanye korosho zikishauzwa. Mimi moyo unasita. Nisite au ni uoga wa mama tu?

fizio_kusini

Dada, shikilia huko kusita kwako mpaka upate jibu la maana. Sijamwona mtoto, kwa hiyo siwezi kusema apasuliwe au asipasuliwe. Lakini nakupa hoja mbili za kwenda nazo.

Umri kwanza. Huko "kukata kisigino" maana yake ni kurefusha kigimbi, msuli wa nyuma ya mguu unaovuta kisigino juu. Mtoto akirefushwa kigimbi akiwa mdogo bado ana miaka mingi ya kukua mbele, na uwezekano wa kisigino kupanda tena ni mkubwa kuliko kwa aliyesubiri mpaka miaka 8 hivi au zaidi. Kwa umri wa 5, kama kifundo bado kinalainika ukikisukuma kwa mkono, kuna mazoezi, kuna plasta za kubadilishwa mara kwa mara, kuna kifaa cha kifundo, na mahali pengine kuna sindano ya kulegeza misuli. Hivyo vinakununulia muda.

Ya pili ndiyo nzito. Melbourne hao hao walichapisha 2001 matokeo ya watoto 134 waliorefushwa kigimbi peke yake. Kati ya kila 100, 42 walibaki vizuri. 22 kisigino kilipanda tena. Na 36 walipita upande wa pili: kigimbi kilikuwa dhaifu mno, mtoto anakanyagia kisigino, magoti yanakunjika, anatembea kama aliyeinama kutafuta kitu chini. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa walioathirika sana miguu yote miwili. Kisigino kilichopanda tena kinaweza kupasuliwa mara ya pili. Kigimbi kilicholegezwa kupita kiasi ni vigumu mno kukirudisha, na hao ndio wanaonikata maini kliniki, kwa sababu walikuwa wanatembea.

Kwa hiyo mwulize daktari: magoti na nyonga vimepimwa? Mtoto amelazwa kitandani vikakaguliwa kimoja kimoja, au aliangaliwa akiingia mlangoni tu? Akisimama kwa kisigino, magoti yatakwenda wapi?

Na hili la korosho lina uzito wake. Pesa inaingia kuanzia Oktoba mpaka Desemba, mtoto anapasuliwa Novemba au Desemba, hogo linatolewa mvua zimeshika na kila mwenye mikono yuko shambani. Mtoto anabaki na bibi, barabara ya kwenda kliniki ni tope, na wiki za thamani kuliko zote zinapita amekaa. Kama mnaweza kuiweka hiyo pesa mpaka mavuno yameisha, Juni au Julai, fanyeni hivyo. Hakuna upasuaji wa namna hii unaoharibika kwa kusubiri miezi sita, ila nyonga ikianza kutoka, na hiyo nitaisema.

Babu wa Kilwa Kivinje

Mimi nina mjukuu wangu wa kiume. Kabla ya kupasuliwa alikuwa anakwenda shule na fimbo mbili. Kapasuliwa mapaja, magoti na visigino mara moja. Sasa ni mwezi wa tatu, hawezi hata kusimama bila kushikwa. Majirani wanasema tumemmaliza mtoto. Je, ndiyo haya matokeo mnayoyasifia?

fizio_kusini

Shikamoo babu. Pole sana, na majirani nao wasamehe, wanachokiona ni cha kweli ila si mwisho wake.

Baada ya upasuaji mkubwa wa namna hiyo, mtoto huwa anashuka kwanza. Msuli uliorefushwa umepoteza nguvu. Wiki sita au zaidi kwenye hogo zimempunguzia nyama. Tena ubongo wake ulikuwa umejifunza kutembea na miguu iliyokunjika, sasa amepewa mingine, ni lazima ajifunze upya. Mwezi wa tatu kuwa chini ya alipokuwa mwanzo ni kawaida. Tunategemea arudi alipokuwa karibu na miezi sita, pengine mpaka tisa, halafu aanze kupita. Kilele kinakuja mwaka wa kwanza au wa pili. Haya angepaswa kuambiwa mama yake kabla ya kusaini karatasi.

Ila kuna mambo yasiyo ya kawaida, yaangalie leo. Je, unyayo unawaka moto au ana ganzi, hapandishi vidole kabisa? Goti likinyooshwa kwa nguvu baada ya kukaa miaka limekunjika, mshipa wa fahamu nyuma yake unaweza kuvutika. Je, ana kidonda kisiginoni au popote hogo lilipobana? Je, paja limevimba, lina joto, au anapiga kelele ukiligusa? Lolote kati ya hayo, arudishwe kwa waliompasua, msingoje tarehe ya kliniki.

Kama hakuna, basi kazi ni ya nyumbani. Alale kifudifudi kila siku ili nyonga zisikunjike tena. Asimame, hata kwa kufungwa kwenye meza au mlingoti wa baraza, mara kadhaa kwa siku. Kutoka kwenye kiti na kurudi, kutoka na kurudi, na aongezewe kila wiki. Vifaa vya usiku avae. Na ale, babu: dagaa, mayai, kunde. Msuli haujengwi kwa ugali mtupu. Kwa mtaalamu wa mazoezi, ulizeni kwanza Sokoine pale Lindi, au hospitali yoyote iliyo karibu zaidi, kabla ya kufikiria nauli ya Dar.

kijana_chikongola

Naomba niongee kwa sababu humu mnatujadili na sisi tupo. Nina mtindio, miguu yote miwili, nilipasuliwa nikiwa darasa la sita. Leo nina duka la simu, natembea na gongo moja.

Kwanza maumivu. Watu wanawaambia watoto "utalala, ukiamka umepona". Usiku wa kwanza na wa pili misuli ilikuwa inajikaza yenyewe ndani ya hogo, na kila ikikaza mfupa uliokatwa unajua. Semeni ukweli kwa watoto, na mwulizeni daktari mapema atawapa dawa gani ya mikazo, siyo ya maumivu tu.

Pili, nilipopasuliwa hakuna aliyeniuliza mimi nataka nini. Wote walikuwa wanasema "atanyooka". Mimi sikuwa na shida ya kunyooka. Nilikuwa nataka niache kuanguka mbele za watu, na niweze kusimama bila kushika kitu nikahesabu pesa kwa mikono miwili. Hivyo nimevipata, nashukuru, nasimama kaunta siku nzima. Lakini nilipoteza kuchuchumaa. Nyumbani choo ni cha shimo. Kwa miezi mingi nilikuwa nasubiri usiku ili nibebwe, na kwa kijana wa umri ule ile ni aibu isiyosemeka. Mjomba ndiye aliyempa fundi seremala kazi ya kutengeneza kiti chenye tundu, kikawekwa juu ya shimo. Kitu cha mbao tu, lakini kingekuwepo tangu siku ya kwanza ningeumia nusu.

Ningekubali tena kupasuliwa? Ndiyo. Lakini ningekaa mezani na mimi.

fizio_kusini

Mdogo wangu, asante. Hili la kiti cha tundu kila mzazi aliandike kwenye orodha kabla hata ya tiketi ya basi. Na hilo la kuulizwa, nitaanza kila kliniki nalo: mtoto wa miaka 9 au 10 anajua anachokitaka, tena anakisema vizuri kuliko sisi. Kwenye jaribio lile la Melbourne mwendo ulipimwa kwa kamera na digrii, lakini hakuna kamera inayopima kuhesabu pesa kwa mikono miwili.

shangazi_Nachingwea

Umesema nyonga utaisema. Binti wa kaka yangu anatembea na fremu, anachechemea upande mmoja. Hajawahi kupigwa picha ya nyonga hata mara moja. Ni lazima?

fizio_kusini

Shangazi, kwa anayetembea na fremu, ndiyo, ni lazima, hata kama halalamiki. Nyonga inaweza kutoka taratibu bila maumivu, na ikishaumiza huwa tumechelewa. Kwenye jimbo la Victoria, Australia, waliwafuatilia watoto wengi na kuchapisha 2006: ngazi ya 1 hakuna aliyekutwa nyonga zimehama, ngazi ya 2 ni 15 kati ya 100, ngazi ya 3 ni 41, na ngazi ya 4 na 5 ni 69 na 90. Huyo binti ni ngazi ya 3. Ni picha ya kawaida ya eksirei ya nyonga zote mbili kwa pamoja, miguu imenyooshwa na magoti yanaangalia juu, haihitaji kwenda Dar. Ipigwe, ihifadhiwe, irudiwe kama daktari atakavyosema ili zilinganishwe. Na ikiwa nyonga inahama, ule ushauri wangu wa kungoja Juni ufute, huyo asingoje.

mdau_Masasi

Hiyo sindano uliyoitaja inaweza kuchukua nafasi ya upasuaji? Na ule upasuaji wa mgongo niliousikia?

fizio_kusini

Sindano ya botulinamu inalegeza msuli uliokaza kwa miezi 3 hivi, wakati mwingine hadi 6, halafu inaisha. Inafaa kwa msuli ambao bado unavutika. Msuli uliokwisha kufupika hausikii sindano, na mfupa uliogeuka hausikii kabisa. Bei yake ni kubwa, kwa hiyo msiinunue kama hamna mpango wa plasta na mazoezi ya kuifuata.

Wa mgongo ni ule wa kukata baadhi ya nyuzi za mishipa ya fahamu inayoleta ukakamavu. Dr Warwick Peacock aliuendeleza Cape Town miaka ya 1980, na waliopasuliwa huko wamefuatiliwa zaidi ya miaka 20. Unawafaa wachache waliochaguliwa kwa uangalifu mkubwa, na hauondoi haja ya kurekebisha miguu baadaye kwa wengi wao.

mama_P wa Tandahimba

Nimemsomea baba yake uzi wote. Amekubali tusikate Novemba. Tunaomba sasa, tukienda kutafuta ushauri wa pili, twende na nini? Tusije tukarudi na maneno matupu.

fizio_kusini

Hongereni. Kwa ushauri wa pili wa upasuaji wa watoto, hospitali za CCBRT na MOI (taasisi ya mifupa ya Muhimbili) ziko Dar, hospitali ya KCMC iko Moshi, na pale KCMC ndipo pia lilipo TATCOT, chuo kinachofundisha mafundi wa vifaa vya miguu tangu 1981. Ulizeni siku za kliniki ya watoto kwa simu kabla ya kusafiri, msifike siku isiyo yake.

Chukueni simu mrekodi mtoto akitembea, amevaa kaptula fupi, peku. Mrekodini kwa mbele akija, kwa nyuma akienda, na kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, simu ikiwa usawa wa nyonga yake, isiwe juu ya kichwa. Halafu mrekodini tena jioni akiwa amechoka, maana asubuhi kliniki watoto wote wanajitahidi. Ongezeni akichuchumaa, akiinuka kutoka kwenye mkeka, na akipita kwenye mchanga. Bebeni kadi ya kliniki ya tangu kuzaliwa, picha ya eksirei ya nyonga, na viatu vyake vya zamani visafirishwe bila kusafishwa, kwa sababu soli iliyoisha upande mmoja inamwonyesha daktari mtoto anakanyaga wapi. Na maswali yaandikeni kwenye karatasi, la kwanza kabisa likiwa: baada ya hogo kutoka, nani atamfanyisha mazoezi Tandahimba, mara ngapi kwa wiki, na mtamwandikia barua nini?